Choroko, Kunde na Panya wa Myc: Mafunzo Niliyopata

Nimezaliwa Darajani, hatua chache nyuma ya soko, kwenye nyumba ambayo chini ni duka la nafaka la baba na juu ndiko tunakolala. Kwetu panya ni adui tangu nipate akili. Usiku tunawasikia wakikimbizana darini, asubuhi tunatazama gunia lipi limetobolewa, na baba ana mitego ya aina tatu ila anaamini mmoja tu. Ndiyo maana siku nilipompigia simu kutoka Uingereza kumwambia nimepata kazi ya kutengeneza panya, alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Mwanangu, panya wanaotafutiwa sumu na dunia nzima, wewe ndiyo unawatengeneza?"

Kazi hiyo niliifanya miaka sita, katika maabara ya utafiti wa saratani. Panya wetu walibadilishwa vinasaba ili waugue saratani ya matezi, nasi tuifuate tangu inapoanza. Kwa binadamu hilo haliwezekani. Mgonjwa anapofika hospitali, mwanzo umeshapita zamani. Sasa nimerudi Unguja. Naandika haya kwa sababu naulizwa kila siku, na kwa sababu jambo kubwa nililolijua kuhusu kisiwa hiki nililijulia mbele ya tundu la panya, mbali na hapa.

1. Yai halitaki haraka

Wengi hudhani vinasaba hubadilishwa na mashine kubwa. Kazi yenyewe ni ya vidole na pumzi. Jioni unamweka jike pamoja na dume. Siku ya pili unayatoa mayai yaliyokwisha kurutubishwa, kila moja dogo kuliko chembe ya chumvi, unayaweka kwenye tone la maji maalumu chini ya hadubini. Upande wa kushoto kuna mrija wa kioo unaolifyonza yai kwa upole ili lisizunguke. Upande wa kulia kuna sindano ya kioo niliyoivuta kwenye joto, ncha yake nyembamba kuliko unywele. Ndani ya yai, kabla urithi wa baba na wa mama haujaungana, huonekana viduara viwili kama mapovu. Unaingiza ncha kwenye kile kikubwa, unasukuma, na kikivimba kidogo ujue vinasaba vimeingia. Ukizidisha hata kidogo, yai linapasuka na kilichomo kinamwagika mbele ya macho yako.

Mwezi wa kwanza nilipasua mengi kuliko niliyoyaokoa. Aliyekuwa akinifundisha, mama mmoja wa makamo, hakunigombeza. Aliniambia nivute pumzi, niiachie, kisha nichome katikati ya pumzi mbili. Nikamkumbuka bibi yangu alivyokuwa akitunga vikuba: akifika kwenye asumini changa huacha hata mazungumzo. Tangu siku hiyo nikawa nachoma kama ninayetunga kikuba.

Mayai yaliyosalimika hupandikizwa kwa jike mwingine, aliyepandwa na dume aliyefungwa kizazi, ili mwili wake ujiandae kubeba mimba isiyo yake. Baada ya siku kama 20 wanazaliwa watoto wekundu wasio na manyoya, macho yamefumba. Hapo hujui nani amebeba jeni na nani hakubeba. Utajua ukipima kipande kidogo cha sikio. Kwa mkono wangu, kwenye mayai 100 nikipata watoto watatu wenye jeni, niliona siku imenyooka. Njia hii ya sindano ilianza kufanikiwa mwaka 1980, katika maabara ya Frank Ruddle huko Yale. Mwaka 2013 ikaja njia ya kukata vinasaba mahali unapopataka ndani ya yai, na kazi iliyokuwa ikichukua mwaka na zaidi ikawa ya wiki. Lakini bado kuna yai, bado kuna sindano, na bado mtu hubana pumzi.

2. Jina likipotea, uhai umepotea

Kila panya hutobolewa sikio kwa mpangilio: tundu la kushoto namba fulani, la kulia namba nyingine. Kila tundu analokaa lina kadi yenye tarehe, wazazi na jeni. Siku moja ya baridi, nikiharakisha kumaliza kusafisha, nilizirudisha kadi mbili pasipo pake. Sikugundua. Niliwaoanisha ndugu wasiobeba jeni nikidhani wamebeba, na nikaendelea hivyo kwa miezi mitatu, mpaka vipimo vilipokuja vitupu.

Mkuu wa maabara alisikitikia muda uliopotea. Mimi kilichoniuma ni wale panya. Walizaliwa, wakakua, wakauawa, na hakuna mtu duniani aliyejua kitu kipya kwa ajili yao. Tangu hapo sikushika kadi mbili kwa wakati mmoja.

3. Choroko ni ya kuangalia, kunde ni ya kusimama

Jeni tuliyoipandikiza inaitwa myc. Kila mtu anayo na kila panya anayo. Kazi yake ni kuamrisha seli ikue na kugawanyika. Kwa kawaida huwashwa panapohitajika, kisha huzimwa. Panya wetu walipewa nakala ya ziada iliyofungwa kwenye swichi ya jeni za kingamwili, swichi ambayo ndani ya seli B za damu haizimwi. Seli hizo, ambazo kazi yake ni kututengenezea kinga, zinabaki zinaamrishwa kugawanyika usiku na mchana. Panya wengi wa ukoo huo hawamalizi miezi mitano bila ya kuugua.

Kwa hiyo kila asubuhi, pamoja na Jumapili na Sikukuu ya Idi, niliwapapasa mmoja mmoja. Unamshika kwa ngozi ya shingo, unampumzisha kiganjani, unapitisha kidole gumba chini ya taya na kwapani. Nilifundishwa kupima uvimbe kwa milimita, lakini vidole vyangu vilikuwa na vipimo vyao tayari, vya duka la baba. Punje ya choroko: andika, mrudishe, mwangalie kesho. Punje ya kunde: imetosha, huyu hafiki jioni, analazwa kwa dawa kabla hajaanza kuteseka. Mwenzangu mmoja Mwingereza aliniomba nimwonyeshe kunde ni nini. Nilimletea kibaba kizima kutoka nyumbani.

Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu chenye masharti matatu yanayofuatwa mpaka leo: usitumie mnyama kama kuna njia nyingine, tumia wachache iwezekanavyo, punguza maumivu. Nilifurahi kuyasoma, ila sikuyaona mageni. Bibi, aliyekuwa akimchinja kuku kwa mkono wake, hakukubali kisu butu, wala kuku aone kisu, wala mwenzake aone damu. Aliyezoea adabu hiyo hahitaji kulazimishwa kuwaheshimu panya.

Kuna watu wa kwetu waliowahi kuniuliza kama kazi ile ni kumbadilisha kiumbe wa Mwenyezi Mungu. Sikuwajibu kwa wepesi na sitawajibu kwa wepesi hapa. Nilijiuliza mwenyewe kila nilipomlaza mmoja. Kilichonituliza ni kuzijua dawa zilizotokana na panya hawa. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wa Melbourne, Australia, walionyesha kuwa jeni nyingine, BCL-2, haiigawanyi seli bali inaizuia isife. Mwaka 1990 wenzao wakawaoanisha panya wa myc na panya wa BCL-2. Watoto waliorithi zote mbili waliugua haraka kupita kiasi. Ndipo ikawa wazi kwamba saratani hukua kwa kuzaliana na pia kwa kukataa kufa. Dawa ya kuizima BCL-2, venetoclax, iliruhusiwa Marekani mwaka 2016, na wako wagonjwa wa saratani ya damu wanaoishi kwayo.

4. Niliyemshika mkononi ametoka kwetu

Mwaka wa pili nilitumwa kwenye pipa la naitrojeni, ambamo seli huhifadhiwa kwa baridi kali, nikachukue kichupa. Niliinua rafu, moshi mweupe ukamwagika mpaka miguuni, nikafuta utando wa barafu kwa kidole nikasoma: Daudi. Nikaganda pale pale. Nilidhani yupo mwenzetu wa Afrika Mashariki aliyepita hapo akaandika jina lake. Nikaambiwa hapana, ni jina la seli zinazotumika katika maabara dunia nzima, zilizoanza kukuzwa miaka ya 1960 kutoka kwenye uvimbe wa mgonjwa wa Kenya. Ugonjwa wake: limfoma ya Burkitt.

Usiku huo sikulala, nilisoma. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda si mrefu baadaye, Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Mwaka 1958 akaandika makala. Kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wakaondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakasafiri wiki kumi, kilomita kama 16,000, wakaingia hospitali zaidi ya 50 za Afrika Mashariki na Kusini wakiwa na picha mkononi na swali moja: ugonjwa huu mnauona? Walipomaliza walikuwa na ramani. Ugonjwa ulifuata joto na mvua. Nyanda za juu, kwenye baridi, haukuwapo.

Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Akahisi kuna kirusi. Wakapatana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili hakupata kitu. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikapelekwa Manchester, kipande kikafika kimechelewa, kikiwa kwenye maji yaliyochafuka. Mtu mwingine angemwaga akidhani kimeoza. Epstein akatazama tone lake kwenye hadubini: haikuwa bakteria, zilikuwa seli hai za uvimbe zilizochomoka zikaelea. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona kirusi kinachoitwa mpaka leo Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Mwaka 1982 ikajulikana kuwa katika seli za ugonjwa huo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika kikaungana na ya 14, na kwenye kiungo hicho ndipo ilipo myc, imeangukia kando ya swichi ya kingamwili. Mwaka 1985 Adams, Cory na wenzao wa Melbourne, wakishirikiana na Ralph Brinster na Richard Palmiter wa Marekani, wakatengeneza panya walioigiza kiungo hicho hicho. Panya niliokuwa nikiwapapasa shingo kila asubuhi walikuwa wa ukoo huo.

Karibu miaka miwili niliwahudumia bila ya kujua kuwa ugonjwa waliobebeshwa ulitambuliwa kwanza kwa watoto wa Mulago na Jinja. Hakuna aliyenificha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeona haja ya kuniambia, na mimi sikuona haja ya kuuliza.

5. Panya anaweza kuwa na hati

Aprili 12, 1988, serikali ya Marekani ilikipa Chuo Kikuu cha Harvard hataza ya panya aliyepandikizwa jeni ya saratani. Wavumbuzi walikuwa Philip Leder na Timothy Stewart. Leder huyu ni miongoni mwa walioigundua myc kwenye kiungo cha kromosomu za Burkitt. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa panya huyo awekewe hataza, ikasema kwa sheria yao mnyama mzima si kitu cha kuvumbuliwa. Naona Kanada walisema kweli.

6. Panya hujibu ulilomuuliza, basi

Hili ndilo lililonirudisha nyumbani.

Panya wa myc huugua bila ya kirusi cha Epstein-Barr, kwa sababu kirusi hicho hakimshiki panya. Huugua bila ya joto wala mvua, kwenye chumba chenye nyuzi zile zile mwaka mzima, taa ikiwaka saa 12 na kuzimwa saa 12. Aliulizwa: myc ikiachiwa iwake, nini hutokea? Akajibu vizuri kabisa. Lakini swali la Burkitt lilikuwa jingine: kwa nini hapa na si pale? Kirusi chenyewe kiko dunia nzima, karibu kila mtu mzima anacho. Mbona watoto wa pembezoni mwa Ziwa Victoria?

Nilikuwa nasoma makala za miaka ya 1960 usiku mmoja wa Ramadhani, nikisubiri daku, nikakutana na majina mawili kwenye sentensi moja: Zanzibar na Pemba. Nikairudia sentensi. Visiwa vyetu, vyenye joto na mvua tele, kwa ramani ya Burkitt vilitakiwa viwe na ugonjwa huo, na ulikuwa nadra. Maelezo yaliyotolewa: hapa malaria ilikuwa imedhibitiwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, Shirika la Afya Duniani na serikali walipuliza dawa ya mbu nyumba hadi nyumba, Unguja na Pemba. Joto na mvua vilivyoonekana kwenye ramani vilikuwa ni mbu. Mahali penye malaria isiyokoma ndipo palipokuwa na uvimbe.

Nilikaa na chai ikapoa. Kisiwa nilichokulia kilikuwa ni ushahidi katika kesi niliyokuwa nikiifanyia kazi, na mimi sikuwa nakijua.

Baadaye nchini Tanzania kulifanyika jaribio la kulithibitisha. Kati ya 1977 na 1982, wilaya ya Mara Kaskazini, watoto waligawiwa klorokwini. Ugonjwa ulipungua sana, ila ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, kwa hiyo jibu halikukata shauri. Ilibaki kuonyesha ni vipi malaria, maradhi ya homa, yanaweza kukata kromosomu ndani ya seli B. Na hapo ndipo panya alipohitajika tena, ila panya aliyeulizwa swali la kwetu.

Jibu lilitoka mwaka 2015, katika maabara ya Michel Nussenzweig huko New York. Davide Robbiani na wenzake walichukua panya ambao seli zao B zimeondolewa jeni ya p53, mlinzi anayeziua seli zilizoharibika, wakawaambukiza malaria ya panya. Malaria ikaziweka seli B kwa muda mrefu kwenye matezi, mahali zinapojifunza kutengeneza kingamwili. Huko kuna kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kukata na kubadilisha jeni za kingamwili ili zishike adui vizuri zaidi. Kikiendelea kukata kwa muda mrefu kupita kiasi, kinakosea, kinakata pasipo pake, na kromosomu zinaungana vibaya. Panya wale walipata limfoma inayofanana zaidi na ya Burkitt.

Kutoka panya wa kwanza wa myc mpaka panya aliyepewa malaria ilipita miaka 30. Sisemi walizembea, mbinu nyingi hazikuwapo. Lakini nadhani meza yetu ingekuwa na mtu mmoja aliyelala chini ya chandarua utotoni, swali lingeweza kuulizwa mapema zaidi. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sikuliuliza.

7. Msimulie aliyekulea

Niliporudi, nilikaa na baba dukani alasiri moja, soko limepoa, daladala zimepungua kelele. Nikamsimulia yote, taratibu, kwa maneno yetu. Alisikiliza huku akipepeta mchele kwenye ungo. Nilipofika kwenye upulizaji wa dawa akasimamisha mikono.

"Watu wa dawa," akasema. "Nawakumbuka. Nilikuwa mdogo, sijaanza skuli. Tuliambiwa tutoe kila kitu nje, vitanda, vyungu, mpaka kuku. Bibi yako alinuna, kwa sababu walimpakia ukuta unga mweupe na alikuwa ametoka kupaka chokaa kwa ajili ya Idi." Akanyamaza. "Harufu yake ilikaa siku nyingi. Kumbe na haya yaliandikwa vitabuni?"

Nikamwambia yameandikwa. Jina la kijana wala la nyumba halimo, lakini kisiwa kimo.

Akarudia kupepeta. Kisha akauliza, bila ya kuniangalia, "Na huyo panya wenu wa kule, mlimpa malaria?"

Nilimweleza kuwa sisi hatukumpa, wengine walimpa, na walichokiona. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na akaiona ni ya haki. Hapo akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, akasalimu, akataka kilo moja ya choroko. Baba akaniashiria nipime mimi. Nikachota, nikamimina kwenye mizani, na punje mbili tatu zikabaki kiganjani. Kidole gumba kikazizungusha chenyewe.

"Shingo ya mtoto ina nini?" akauliza yule mama, maana nilikuwa nimeshamtazama mtoto wake chini ya taya.

"Haina kitu, dada," nikamwambia. "Iko sawa."